Ajenti mdogo ndani ya simu ya koperative, hata pale rezo haifiki

Wandugu wakulima, kila msimu wa kahawa, tukipita katika koperative, tunakuta ugomvi uleule. Mama anasema alileta kilo 38 za matunda mekundu, kaye inaonyesha kilo 33. Mpimaji wa siku ile ameshakwenda kwao. Kikaratasi alichopewa mama kililowa mvua njiani, wino umetoka. Wanabishana mpaka jua linazama, na hata kama komite inatafuta haki, haina kitu cha kushika mkononi.

Koperative zingine zilijaribu kuacha kaye na kuandika katika simu. Shida ikawa rezo. Kituo cha kuoshea kahawa kiko bondeni karibu na maji, na rezo iko juu ya kilima. Mpimaji anaandika kwa kaye mchana, halafu jioni anapanda kilima kunakili yote katika simu. Kazi moja imekuwa mbili, na kila mara namba inaponakiliwa, kosa linapata mlango wa kuingilia.

Iko namna nyingine, na ndiyo tunataka kuieleza leo, juu ya sababu moja: ni kazi ambayo kijana wa kwenu aliyesoma informatika anaweza kuitengeneza bila kompyuta kubwa na bila kulipia ruhusa kwa mtu yeyote. Ni programu ndogo inayokaa ndani ya kivinjari cha simu na kufanya kazi palepale, rezo iwepo isiwepo. Watu wa kompyuta wanaiita ajenti.

Kivinjari mnakijua, hata kama hamtumii jina hilo. Ni ile programu ya kufungulia kurasa za intaneti: Chrome, Firefox, na nyingine. Karibu kila simu ya kugusa inakuja nayo. Na ajenti ni nini? Kalkuleta inangoja ubonyeze, inajibu, basi. Ajenti amepewa kazi. Anatazama hali, anaamua hatua inayofuata, anaifanya, anatazama tena, mpaka kazi iishe au mpaka akwame na kumwita mtu. Ni kama kijana mnayemtuma depo: hamumwambii kila mguu atakaoweka, mnamwambia alete nini, pesa ni ngapi, na kama bei imepanda arudi kuuliza kwanza. Akinunua tu bila kuuliza, huyo ni mtumishi mbaya. Kwa ajenti wa simu ni vilevile.

Tuseme mpimaji anaandika: mwanachama namba 112, kilo 380. Programu ya kawaida inapokea na kunyamaza. Ajenti anafungua orodha iliyo ndani ya simu, anaona kwamba namba 112 ana miti 200 ya kahawa, na kwamba safari zake zote za mwezi huu hazikupita kilo 50. Anasimama, anauliza: "Ni 380 au 38?" Mpimaji anatazama balanse tena, anasahihisha, na mwanachama bado yuko pale amesimama na kikapu chake. Hiyo ndiyo faida yenyewe. Kosa linakamatwa wakati wote wawili wako mbele ya balanse, siyo wiki tatu baadaye siku ya malipo.

Jioni anafanya hesabu nyingine. Kwa kawaida kilo 5 hivi za matunda mabivu hutoa kilo 1 ya kahawa ya ganda iliyokauka. Kama kituo kilipokea kilo 1,000 za matunda na mwisho wa kukausha iko kilo 140 tu za ganda, ajenti hatamshitaki mtu. Anaandika tu kwamba zilitegemewa karibu 200, na anaomba sababu. Labda matunda mengi yalikuwa mabovu yakaelea kwenye maji. Labda balanse ya asubuhi iliharibika. Labda magunia mawili yalitoka usiku. Komite ndiyo itajua, lakini itajua wiki ileile.

Mtaona kwamba hapo hatujataja akili bandia. Hesabu hizi ni kanuni kumi au kumi na mbili, zilizoandikwa na mtu anayejua kahawa. Sisi kwa maoni yetu hapo ndipo koperative nyingi zianzie. Siku hizi kila anayeuza programu anasema ina akili bandia ndani, sawa na zamani kila aliyeuza dawa ya mimea alivyosema inaua kila mdudu. Ajenti mwepesi ni mwepesi kwa sababu anafanya kazi moja na kuimaliza.

Sasa namna gani ukurasa wa intaneti unafanya kazi bila intaneti? Mara ya kwanza ukiufungua pale penye rezo, kivinjari kinahifadhi mafaili yake ndani ya simu. Kesho ukibonyeza alama yake, unafunguka kutoka kwenye simu yenyewe. Tena kivinjari kina ghala lake dogo la kuweka data, na kilo zinaandikwa humo. Halafu, tangu mwaka 2017 vivinjari vikubwa vilianza kukubali lugha inayoitwa WebAssembly, inayowezesha hesabu nzito kwenda haraka ndani ya ukurasa. Lugha hiyo ilitangazwa kuwa kanuni rasmi ya mtandao mnamo Desemba 2019. Mwaka 2018 Google walitoa TensorFlow.js, chombo cha bure kinachoruhusu programu ya kutambua picha kufanya kazi ndani ya kivinjari bila kutuma picha mahali popote.

Hiyo ya picha inatugusa sisi watu wa mihogo. Wengi wenu mmesikia juu ya Nuru, programu ya simu iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania State huko Marekani pamoja na watafiti wa IITA. Nuru siyo ya kivinjari, inawekwa katika simu kama programu nyingine. Lakini inafanya kazi bila rezo, na imepimwa vizuri shambani kuliko nyingine, basi inatufundisha tutegemee nini. Kazi ilianza na picha 2,756 za majani ya mihogo zilizopigwa Tanzania, na katika majaribio ya kwanza, yaliyochapishwa mwaka 2017, mashine ilijibu sawasawa kwa 93 katika kila 100. Habari nzuri, lakini hizo zilikuwa picha zilizochaguliwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulipima Nuru kwa mimea yenyewe. Ikitazama jani moja, ilipata 65 kwa 100. Mabwana shamba walipata kati ya 40 na 58, na wakulima kati ya 18 na 31.

Wakulima wasikasirike na namba hizo. Mozaiki inayoanza na michirizi ya kahawia inayoanza ni vigumu kuzitofautisha na jani lililokosa chakula au lililoliwa na utitiri wa kijani, na sisi wenyewe tunasita mbele ya shina kama hilo. Kilicho muhimu kwetu ni sehemu ya pili ya utafiti ule: mashine ilipoonyeshwa majani sita ya mmea mmoja badala ya jani moja, ilipanda mpaka kati ya 74 na 88. Hapo ndipo programu ya kutambua picha inahitaji kuwa ajenti. Anayetambua picha anajibu na kunyamaza. Ajenti anasema: "Nimeona jani moja, bado sina uhakika, nionyeshe la juu, la katikati, na la chini." Anahesabu mpaka sita ndipo atoe jibu, na kama majani hayakubaliani anasema hivyo. Kanuni ile ya kuuliza majani sita ni mistari michache ya programu. Inaongeza usahihi bila kuongeza uzito wowote kwa simu.

Hakuna haja ya kuanza kutoka sufuri. Maabara ya akili bandia ya Makerere, hapo Uganda kwa majirani, ilikusanya picha za mihogo kutoka kwa wakulima, na mkusanyo wa picha 21,367 zilizopangwa na wataalamu uliwekwa wazi kwa watengenezaji wote. Zimegawanywa katika mafungu matano: mozaiki, michirizi ya kahawia, ugonjwa wa bakteria, madoa ya kijani, na mihogo mizima. Mifano midogo ya kutambua picha, kama ile inayoitwa MobileNet, ina namba milioni 4 hivi ndani yake, na ikibanwa vizuri inachukua mega 4 au 5. Ni kama wimbo mmoja wa muziki. Unaushusha mara moja sokoni, halafu unautumia shambani msimu mzima.

Lakini tusidanganyane juu ya ile mashine ya kuzungumza, ya kuulizwa kila kitu na kujibu kama mwalimu. Nazo ziko sasa za kufanya kazi ndani ya kivinjari, na vijana watawaonyesha kwenye kompyuta nzuri ya ofisi. Piga hesabu: mfano wa namba bilioni 1, hata ukibanwa mpaka biti 4 kwa kila namba, ni mega 500 kabla haujaanza kufikiri. Simu ya mpimaji yenye giga 2 za memuar, iliyojaa WhatsApp na picha za harusi, itazimika. Na zaidi ya hapo, mashine hizo ndogo za kuzungumza hutunga jibu zikikosa. Mkulima akiuliza kipimo cha dawa ya kupuliza, jibu la kutungwa linaweza kuunguza shamba. Kwa jambo la vipimo vya dawa sisi tunapendelea jedwali lililoandikwa na mtu, ambalo ajenti analisoma tu na kulionyesha jinsi lilivyo.

Tuje kwa jambo linalotupa wasiwasi zaidi. Data za koperative zinakaa wapi?

Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria namba 2023/1115. Inataka kahawa, kakao na mazao mengine machache yanayoingia kwao yaonyeshe kwamba hayakutoka mahali palipokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi hawangoji, na maombi ya ramani yanafika mpaka kwetu vijijini. Kwa shamba lisilopita hekta 4, nukta moja inatosha, yenye latitudi na longitudi na tarakimu sita baada ya koma. Likipita hekta 4, unapima mzunguko wote. Simu inapata nukta hiyo kutoka kwa satelaiti bila rezo wala mega, hata kutoka ndani ya kivinjari, ila mara ya kwanza inaweza kuchukua dakika kadhaa mahali pa wazi. Simu ya kawaida hukosea mita kadhaa, kwa hiyo tarakimu ya sita ni ya kuridhisha karatasi tu.

Fikirini sasa faili moja lenye jina la kila mwanachama, nukta ya shamba lake, kilo alizoleta, na pesa alizopokea na siku aliyopokea. Katika majimbo yetu hiyo siyo karatasi ya kawaida. Wote tunajua nini kinaweza kumpata mtu siku anapojulikana kwamba ametoka kulipwa. Tena faili hilo ni mali. Mnunuzi akilishika yeye, mwaka kesho anaweza kupita koperative pembeni na kwenda moja kwa moja kwa wakulima wazuri, au kuwaambia kwamba mkiuza kwa mwingine, ramani zinabaki kwake. Programu nyingi za bure zinazoletwa kwetu zinatuma kila mstari kwenye kompyuta iliyo mbali, na komite haina nakala. Mnapoomba data zenu wenyewe, mnajibiwa muandike barua.

Ajenti anayefanya kazi ndani ya kivinjari anageuza mpango huo. Kilo, ramani na picha zinakaa katika simu ya koperative. Kinachotoka ni kile komite imeamua kitoke: kwa mnunuzi, nukta za mashamba ya mzigo alionunua, bila pesa za mtu, kwa shirikisho, jumla ya kilo za wiki. Ajenti anatayarisha faili, lakini mtu ndiye anayebonyeza kutuma. Kongo nayo ina sheria, Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023, yenye sehemu juu ya data za watu. Basi hata mkutano wa wanachama kuandika katika prose-verbal kwamba wamekubali data zao zitumike kwa kazi fulani, siyo nyingine, ni jambo lenye uzito.

Data kukaa kwenu kuna gharama yake. Zikikaa kwenu, zikipotea zimepotea kwenu. Ghala la kivinjari siyo sanduku la chuma. Simu ikijaa video mpaka nafasi ikaisha, kivinjari kinaweza kufuta chenyewe ghala la kurasa ambazo hazikufunguliwa siku nyingi. Mtengenezaji anaweza kuomba kivinjari kisifute, na mumuulize kama ameomba. Mtoto akibonyeza pale palipoandikwa "Effacer les données", msimu mzima unaweza kwenda. Dirisha la siri la kivinjari linafuta kila kitu likifungwa. Kwenye iPhone, Safari hufuta ghala la ukurasa usiotumiwa kwa siku saba, isipokuwa ukurasa umewekwa kwenye kioo cha mwanzo kwa kutumia "Sur l'écran d'accueil". Na Opera Mini, ambayo wengi wenu mnaipenda kwa kuokoa mega, katika hali yake ya kubana sana inafungulia kurasa kwenye kompyuta za mbali kwanza. Ajenti wa namna hii hafanyi kazi humo. Tumieni Chrome au Firefox kwa kazi hii.

Basi dawa ni kwamba ajenti, kila jioni kabla ya kufungwa, atoe faili la nakala na akatae kumaliza siku mpaka liwekwe. Faili hilo linakwenda kwenye karte memuar na kwa simu ya pili kwa Bluetooth. Hiyo nayo haitaki rezo. Karte isibaki ndani ya simu ileile, kwa sababu mwizi hachagui. Simu iwe na kodi ya kufungulia, ijulikane kwa mpimaji na sekretere tu. Na kaye isitupwe. Haina haja ya kunakili tena kila mstari. Inatosha mstari mmoja kwa siku: jumla ya kilo, jumla ya watu walioleta, sahihi mbili. Siku simu ikifa, mtajua angalau ni siku ngapi zinakosekana na uzito wake. Mwanachama bado apewe kikaratasi chake, na ajenti amsomee kilo kwa sauti kwa Kiswahili, kwa wale wasiosoma.

Mkitaka kuanza, msianze na simu. Mkae na mpimaji, sekretere, na mwanachama mmoja au wawili walioponzwa na kilo, mwandike kwa karatasi ni makosa gani hutokea na mtu mwerevu angeyagundua namna gani. "Hakuna anayeleta zaidi ya kilo 60 kwa safari moja kwa mguu." "Baada ya saa kumi na moja hatupokei." "Namba moja ya mwanachama haiji mara tatu kwa siku." Sentensi hizo ndizo kanuni za ajenti, na kijana wa informatika hawezi kuzitunga badala yenu. Mwandike pia asichoruhusiwa: hafuti mstari ulioandikwa, anaongeza mstari wa kusahihisha chini yake wenye jina la aliyesahihisha, hagusi pesa za simu, hatumi kitu bila mtu.

Siku mtengenezaji anapoleta programu, mpimeni mbele ya wanachama. Weka simu katika "mode avion", izime, iwashe, fungua ajenti, pima vikapu vitatu, piga picha ya jani. Vyote vikifanya kazi, kweli anakaa ndani ya simu. Halafu muandikie kosa la makusudi, kilo 380, muone kama anasimama. Bado iko hila moja: programu inaweza kukaa kimya wakati rezo haipo na kutuma yote rezo ikirudi. Kwa hiyo toeni simu katika "mode avion" pale penye rezo, muiache usiku mmoja bila kuigusa, halafu asubuhi fungueni mahali simu inapoonyesha matumizi ya mega ya kila programu. Mistari 1,000 ya kupima, yenye herufi 100 kila mmoja, ni kilobaiti 100 tu, yaani sehemu moja ya kumi ya mega. Simu ikiwa ya kazi hii peke yake, na mkikuta kivinjari kimekula mega 40 usiku ule, muulizeni kijana picha za mashamba yenu zimekwenda wapi, na mumuulize kabla hajapanda pikipiki kurudi mjini.